Basi Linalolala Mwisho wa Njia

Kila Jumatatu, kabla ya kengele,
nachovya kijiti kwenye tangi nyuma ya shule,
nakitoa, nakisoma kama barua ya mdai:
mafuta yameshuka tena,
na majira ya baridi ya Manitoba hayajafika nusu.

Mimi Anneliese Toews, mweka hazina.
Mwaka wa kumi na mbili huu naandika kwa penseli,
kwa sababu bei haikai pale ulipoiweka.
Watoto themanini na sita, mabasi matatu,
boila moja kuukuu inayokohoa usiku kucha.

Tulikutana Alhamisi, ukumbi wa chini ya kanisa.
Hita tuliizima makusudi, tuone itakuwaje.
Ikawa baridi.
Hakuna aliyevua koti.

Mwenyekiti Cornelius Dueck alifungua kwa sala
ndefu kuliko bajeti.
Mchungaji akaanza habari ya taa na mafuta.
"Hiyo tunaijua," akamkata Wilhelm, fundi wetu,
"tuambie lita ni bei gani."
Imani ni imani, na lita ni lita.

Basi tukahesabu.
Tununue Julai, muuzaji akiwa anasinzia.
Madirisha ya kaskazini yazibwe kwa plastiki nene.
Mlango wa ukumbi ushonewe pazia la mablanketi.
Tuagize pamoja na shule ya Wakatoliki,
lori moja, ankara mbili.
Hapo kikaingia kimya cha miaka mia tano,
mpaka bibi Sara Dyck, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake:
"Dizeli haina dhehebu."
Nikaandika.

Kisha likaja basi namba tatu.
Kilomita arobaini na moja linakwenda tupu
hadi barabara ya changarawe inapokoma,
kumchukua Lena Hiebert, darasa la pili,
aliyeng'oka meno mawili ya mbele,
ambaye humpungia dereva mikono yote miwili.
Likigeuka, ndipo linaokota wengine.
Jioni linamrudisha,
halafu linarejea shuleni likibeba upepo.

Penseli yangu ilishajua la kufanya.
Nyumbani, mezani, peke yangu,
nilikuwa nimepitisha mstari juu ya jina lake.
Mwembamba. Lakini mstari.

Baba yake aliketi nyuma kabisa,
anaizungusha kofia magotini kama usukani.
Hakujitetea. Mtu anayelisha ng'ombe kwa mkopo
huogopa kuomba hata maji.

Mkewe, Margaretha, ndiye aliyesimama.
"Naomba kuuliza. Basi linalala shuleni kwa nini?"

Tukatazamana.

"Likilala kwetu, ghala lipo.
Waya wa kupasha injini upo, umeme juu yangu.
Asubuhi linaanza na Lena, linakuja likijaa.
Jioni linaishia na Lena, linazimwa.
Na dereva, kama mzee Jakob anataka kupumzika goti lake,
leseni nitaisomea. Trekta naendesha tangu nina miaka tisa."

Hakuna aliyesema kitu.
Miaka minane tumekuwa tukiulipia upepo nauli,
kwenda kila asubuhi, kurudi kila jioni,
na hakuna msomi kati yetu aliyeuliza
basi linalala wapi.

Nikafuta mstari.
Kifutio kilichubua karatasi; doa lipo hadi leo,
nikifungua daftari hukutana nalo kwanza.

Sitasema yote yalipona. Ada tulipandisha.
Familia mbili ziliondoka, moja bila kuaga.
Wilhelm bado anaidai kamati boila mpya,
na kamati bado inamwombea.

Lakini saa kumi na mbili na nusu, giza likiwa giza,
taa mbili zinawaka kule njia inapokoma,
na mtoto aliyekuwa wa kufutwa
ndiye anayechagua kiti.

Jumatatu nachovya kijiti.
Yameshuka, ndiyo.
Yameshuka upana wa kidole.
Zamani ilikuwa kiganja.